Kilima Mara Kumi na Tano

Kutoka chemchemi mpaka msikitini, kilima cha kwao Wambaa, Pemba, si kirefu hata kidogo. Wanawake hukipanda na ndoo za maji kichwani bila kusita, na watoto wa chuoni hukishuka mbio, juzuu kwapani. Lakini Talib alikuwa ameshakipigia hesabu. Alimkalisha binti yake Khairat barazani na daftari lake la jiografia, wakazidisha na kugawa asubuhi nzima, mpaka wakakubaliana kwamba Mlima Kwelongo, ule wa Bara ambao watu wa mjini hupenda kuupanda Jumamosi na kurudi jioni, ni sawa na kilima chao mara kumi na tano.

"Basi nikiweza mara kumi na tano kuno, na kule naweza," Talib alimwambia mkewe.

"Kule kuna mawe na ukungu," alisema Mwanabaraka. "Kuno kuna migomba."

"Mguu haujui migomba wala mawe. Wajua kupanda tu."

Mguu aliousema ulikuwa wa bandia, wa kulia, kuanzia chini ya goti. Wa kwake mwenyewe ulikatwa hospitali misimu mitatu nyuma, baada ya tawi la mkarafuu kumvunjikia akiwa juu kabisa na pakacha limejaa. Watu hawakuona ajabu, maana kila msimu mikarafuu huangusha mtu. Ajabu waliyoiona ni kumkuta Talib, mchumaji aliyekuwa akifuatwa nyumbani kwa ajili ya ile miti ambayo wenzake waliiangalia tu kutoka chini, amekaa kwenye jamvi pamoja na wanawake na watoto, anachambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Hakuna aliyemcheka. Walisogea wakampa nafasi, na huko kusogea kulimuuma kuliko ambavyo kicheko kingemuuma.

Mwaka huu ndipo ilipokuja jumuiya moja kutoka mjini Unguja ikampa mguu. Mratibu wake, Bwana Abdulsamad, mtu mpole mwenye simu mbili, alieleza vizuri sana. Huu ulikuwa mguu wa muda, wa kujifunzia. Watu kumi na wawili waliokatwa miguu wangepanda Kwelongo kwa siku moja, wapigwe video kileleni, wafadhili waone. Watakaofika watapewa miguu ya kudumu, kila mmoja wake aliopimiwa mwenyewe.

"Na asiyefika?" Mwanabaraka aliuliza siku ile.

"Tutaangalia, shemeji," alijibu Abdulsamad. Mwanabaraka, ambaye katika maisha yake ameshaambiwa "tutaangalia" kwenye madirisha mengi ya ofisi, alielewa.

Tangu hapo nyumba nzima ikawa inapanga safari. Karatasi ya mpango ilibandikwa ukutani kwa ugali wa muhogo, kwa mwandiko wa Khairat: Alkhamisi boti. Ijumaa gari mpaka chini ya mlima. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi langoni. Saa tatu kibanda cha kwanza, chai na mkate. Saa tano na nusu kileleni. Adhuhuri na alasiri kuchanganya hukohuko juu. Neno "kileleni" lilipigiwa mistari miwili chini yake. Mwanabaraka aliuza kuku wawili, Talib akaenda mjini Chake akarudi na viatu vya mlima vya mtumba, vizito, visivyo na kamba. Khairat akavitia kamba za kijani alizozitoa kwenye raba zake za michezo, na Talib akavaa vyote viwili, cha mguu wake na cha mguu wa jumuiya, akazunguka uani huku akijitazama miguuni.

Kila alipomaliza kupanda na kushuka mara moja, alidondosha punje kavu ya karafuu ndani ya kopo la maziwa pale mlangoni. Wiki ya kwanza zilikuwa tatu kwa siku. Wiki ya sita zilifika kumi na moja. Majirani walianza kumuuliza Mwanabaraka, kopo lina ngapi leo, naye akawatajia kwa sauti ya mtu asiyejisifu, ingawa alikuwa anajisifu. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumwona mumewe akirudi nyumbani na jasho la kazi, na jasho lile lilimfurahisha kuliko alivyotaka watu wajue.

Kilichomshtua ni harufu. Karafuu zilikuwa bado mbichi mitini, msimu haujaanza, hakuna kilichoanikwa kijiji kizima, lakini mumewe alikuwa ananuka karafuu kuanzia shuka mpaka shati. Halafu siku hizi alipokuja kuuvua mguu aliingia chumbani na kutia komeo. Zamani ni Mwanabaraka aliyemvua, akamkanda kigutu kwa maji ya vuguvugu huku wakizungumza habari za watu.

Asubuhi moja Mwanabaraka aliokota soksi ambayo mumewe aliisahau chini ya kitanda, ile soksi nene ya kuvalia kigutu. Ilikuwa imekakamaa. Ilikuwa na rangi ya hudhurungi ya mafuta ya makonyo, na alipoitia kwenye beseni, maji yakawa mekundu.

Alikaa juu ya kitanda akasubiri, na Talib alipoingia akitaka kufunga mlango, alimkuta ameshika soksi ile mkononi.

"Vua nione."

"Nivue nini?"

"Baba Khairat, vua nione. Miaka kumi na minane n'naishi na weye, leo wanionea haya kigutu?"

Talib alikaa. Alifungua mikanda taratibu. Upande wa mbele wa kigutu, pale mfupa unapojichomoza, kulikuwa na kidonda kipana, kingo zake zimeungua na kubabuka, na katikati yake peupe. Harufu ya karafuu ilipanda mpaka machozi yakamtoka Mwanabaraka. Aligusa ukingo kwa ncha ya kidole.

"Waumwa?"

"Hata kidogo," alisema Talib, na akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomtia hofu.

"Toka lini?"

"Wiki ya tatu sasa. Kwanza kiliuma, we, nilikuwa n'napanda nikiuma meno. Kisha nikakumbuka mafuta ya makonyo. Natia asubuhi kabla ya kutoka, pakifa ganzi najifunga, nakwenda zangu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, ndiyo aliyonitilia jinoni nikiwa mdogo, nikalala fofofo."

"Na hilo jino lilipona?"

Talib alianza kuikusanya mikanda.

"Liling'olewa," alisema.

Kila nyumba ya Pemba ina chupa yake ya mafuta hayo. Ni ya jino, ni ya tumbo, ni ya viungo vya wazee, na hakuna anayeuliza mkunga wala daktari kabla ya kufungua kizibo. Mwanabaraka mwenyewe alikuwa ameyanunua yale. Aliiangalia chupa juu ya meza, imebaki robo, akajilaumu kwa mwezi mzima wa kujivunia kopo lililokuwa linajaa.

Kituo cha afya alikwenda peke yake, maana Talib hakutaka hata kusikia. Muuguzi, Bi Rahma, mtu wa Tibirinzi asiyependa maneno mengi, alimsikiliza huku akikunja chachi.

"Maumivu ndiyo yanayomwambia mtu basi, simama," alisema. "Yeye kayaziba mdomo. Na hayo mafuta makali, yanamuunguza ngozi juu ya kidonda. Mguu huo auvue leo, Bi Mwanabaraka. Asiuvae miezi miwili."

"Safari ni wiki ijayo."

"Safari gani?"

Mwanabaraka alimweleza. Bi Rahma aliacha kukunja chachi.

"Nisikilize. Kikishafika mfupani watamkata tena, na safari hii watakata juu ya goti. Mtu mwenye goti anapewa mguu, anatembea, anapanda kitanda, anainuka chooni. Asiye na goti ni maisha mengine. Wapo wanaotembea, lakini si kwa mguu wa kugaiwa, na si kwa vilima vyenu hivi. Mlete."

"Haji."

"Basi waambie wenye mguu wao. Wakijua hawatampeleka."

"Wakijua watauchukua."

"Wauchukue," alisema Bi Rahma. "Goti halichukuliki kwa gari likarudishwa."

Mwanabaraka alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alifundishwa na mama yake kwamba mambo ya mume hayatoki mlangoni, na hakuwahi kuyatoa: si siku za njaa, si nyakati za usiku alizolia Talib kwa kuwashwa na vidole ambavyo havipo. Alimkuta anaosha kiatu kwa mswaki wa zamani.

"Bi Rahma kasema watakata juu ya goti," alimwambia.

"Bi Rahma kaniona?"

"Talib."

"Siku tisa," alisema Talib bila kuinua macho. "Siku tisa tu. Nikishafika kule juu wakanipiga hiyo video yao, nitakaa ndani miezi miwili, mitatu, utakavyo mwenyewe. Utanikanda, utanifunga, sitatia mguu nje. Lakini kwanza nifike."

"Na goti likienda?"

"Nshachoka kukaa jamvini, Mwanabaraka. Weye hujui. Wanasogea. Nikija na magongo yangu wanasogea wote, hata watoto, kama kaja maiti." Alikigeuza kiatu akaendelea kusugua upande wa pili. "Na ukimwambia yule bwana, ujue umenirudisha pale kwa mkono wako."

Mwanabaraka alimwonea huruma, na alimkasirikia, na hakujua aanze na lipi. Usemi wa Talib ulimkaa moyoni siku zote zilizofuata. Mara mbili alichukua simu ya Khairat akaitafuta namba ya Abdulsamad, na mara mbili aliirudisha simu mahali pake. Chupa ya mafuta aliimwaga nyuma ya jiko. Kesho yake Talib alikuwa na nyingine.

Abdulsamad alikuja Jumatatu, siku tatu kabla ya boti, pamoja na kijana mpiga picha, ili wachukue video ya maandalizi. Talib alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama.

"Mashaallah, kaka Talib, umependeza," alisema Abdulsamad. Alimtazama mpiga picha, mpiga picha akatikisa kichwa. "Ila hili jeupe mno kwenye kamera. Huna lile la kazi? Lililochakaa chakaa hivi. Wafadhili wanapenda kuona maisha yenyewe."

Talib alimtazama mkewe. Shati la kazi lilikwishakuwa tambara la kudekia. Mwanabaraka aliingia ndani, akalikung'uta, akamletea, na Talib akalivaa mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani.

Alipanda kilima. Abdulsamad akamwomba apande tena, kwa sababu mbuzi alipita mbele ya kamera. Akamwomba mara ya tatu, kwa sababu jua lilikuwa usoni. Mara ya nne walitaka kumpiga kutoka ubavuni, mguu peke yake, kiatu na kamba zake za kijani, hatua kwa hatua kwenye udongo mwekundu. Talib hakulalamika. Kila akishuka anacheka, anapiga goti lake kofi, anasema hakuna shida bwana, tia kamera. Majirani walimpigia makofi. Mwanabaraka aliyesimama mlangoni pa jiko hakupiga, maana alikuwa anatazama kamba za kiatu cha kulia. Zilikuwa zinabadilika rangi. Kutoka juu ya ulimi wa kiatu kijani kilikuwa kinageuka cheusi, na weusi ule ulikuwa unashuka tundu kwa tundu.

Talib hakuhisi kitu. Alikuwa anamweleza Abdulsamad habari za kibanda cha kwanza, saa tatu, chai na mkate.

Adhana ya adhuhuri ikatoka msikitini. Abdulsamad akatazama saa. "Tuna ndege saa tisa," alisema. "Kama si tabu, shemeji, tusali hapahapa."

Mwanabaraka alijua kitu kimoja kuhusu mumewe ambacho Abdulsamad hakukijua. Talib alikuwa mtu wa kuchunga sala. Tangu apewe mguu ule hakuwahi kusali nao hata siku moja. Huuvua, akajitoharisha, akavaa shuka safi, akasali kwa kukaa. Na damu ni najisi. Mtu aliyejaa damu soksini hasimami mbele ya Mola wake, labda kama hajui, na Talib akitazama chini tu atajua.

Alileta ndoo na kata, akatandika mkeka safi barazani.

"Karibu maji, shemeji Abdulsamad," alisema. Kisha akamgeukia mumewe, akasema polepole, "Baba Khairat, nyumba hino imamu wake ni weye. Mgeni yuakusubiri."

Talib alianza kusema kwamba mgeni asalishe yeye. Halafu akaona macho ya mkewe yalipo, akayafuata mpaka kwenye kiatu. Alikitazama kwa muda mrefu. Angeweza kusema atasali baadaye. Uongo mdogo tu ungetosha, na boti ilikuwa Alkhamisi.

"Umenifunga," alimwambia mkewe, kwa sauti ya chini kabisa.

Mwanabaraka alitamani ardhi ile ile ya uani impasukie.

Talib alikaa ukingoni mwa baraza, akakunja suruali, akafungua mikanda. Mguu ulipochomoka damu ilitiririka kwenye sakafu, na harufu ya karafuu ikaenea uani kote. Mpiga picha alishusha kamera. Jirani mmoja aliwageuza watoto wake, akaondoka nao.

"Kwa nini hukusema, kaka Talib?" aliuliza Abdulsamad.

"Ungenipeleka?"

Abdulsamad alitazama mkeka. Hakuwa mtu mbaya, na kwa hakika lilikuwa jambo la kumliza. Walisali, yeye akasalisha. Baada ya hapo alikwenda chini ya mgomba akazungumza na simu zote mbili, akarudi na karatasi.

"Wanasema mguu ni mali ya jumuiya," alisema. "Kuna kijana Tanga yumo kwenye orodha ya akiba. Fundi ataubadilisha pale juu kigutu kinapoingia, apatengeneze kwa kipimo chake, lakini bomba na wayo vitamfaa. Weka sahihi hapa, kaka. Ukipona, tutaangalia."

Talib aliweka sahihi. Mpiga picha aliuchukua mguu, akauviringisha ndani ya gunia na kuutia nyuma ya gari, na kwa haraka ya ndege hakuna aliyekumbuka kuuvua kiatu. Wali wa nazi aliopika Mwanabaraka waliula kwa adabu, vijiko vitatu vinne. Wakati wa kuagana Abdulsamad alimpa Talib mkono wenye noti zilizokunjwa. Talib akaurudisha mkono wake nyuma. Mwanabaraka akazipokea yeye, kwa sababu chachi na dawa hazinunuliwi kwa heshima, na kwa tendo lile vilevile mumewe hakumsamehe.

Hospitali walisema wiki moja zaidi ingekuwa hadithi nyingine. Kidonda kilisafishwa, kikakwanguliwa, kikaanza kufunga kutoka pembeni. Goti lilibaki.

Nyumbani Talib hakugomba wala hakutukana. Aliacha tu kuzungumza na mkewe. Alimwambia Khairat, mwambie mamako chumvi haikutosha, ilhali mamake amekaa pale pale mbele ya sahani. Chachi alifungwa na Bi Rahma, na siku Bi Rahma asipokuja, alifungwa na Khairat. Karatasi ya mpango aliibandua ukutani mwenyewe, lakini ugali ulikwishakauka, na kipande chenye neno "kileleni" kikabaki palepale na mistari yake miwili. Mwanabaraka alikiona kila alipofagia. Alifanya haki, alijua amefanya haki, na haki hiyo haikumpa usingizi.

Msimu ukaanza. Karafuu zikaja kwa magunia, majamvi yakatandikwa, na siku ya kwanza Talib alitoka na magongo yake mawili akaja kukaa na wachambuaji. Wanawake wakasogea. Mwanabaraka, aliyekuwa upande wa mbali, aliinuka na ungo wake, akaja akakaa ile nafasi waliyoiacha wazi, bega lake karibu na la mumewe. Walichambua hivyo siku nyingi, karafuu huku, makonyo kule, bila neno.

Alasiri moja Khairat alirudi shule mbio, simu mkononi. Jumuiya ilikuwa imetoa ile video. Aliiweka katikati ya jamvi, na wanawake wakainama. Walionekana watu kumi na wawili wakipanda ndani ya ukungu, wengine kwa magongo, wengine wakishikwa mikono, na wimbo umewekwa juu yake. Walifika kwenye kibao cha kileleni wakakumbatiana. Kijana mmoja mwembamba alikuwa analia mbele ya kamera, akisema anamshukuru Mungu na wafadhili. Kamera ikashuka mpaka miguuni kwake. Kushoto alivaa raba nyeusi. Kulia alivaa kiatu kizito cha mtumba, kamba za kijani, za juu zimebaki na weusi usiotoka.

Khairat alinyoosha mkono kutaka kuizima.

"Iache," alisema Talib. Aliitazama mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kimefika."

Wanawake walirudi kwenye karafuu zao, maana hawakujua watazame wapi. Talib alikaa na punje chache kiganjani, akizigeuza. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujificha.

"Mama Khairat," alisema. Ilikuwa wiki ya saba tangu alitaje jina hilo. "Bi Rahma haji leo. Njoo unifunge."

Mwanabaraka alipangusa mikono yake kwenye kanga, akapiga magoti mbele yake. Talib akakunja suruali. Mwanabaraka alilishika goti kwa mkono mmoja ili afungue chachi kwa mwingine, nalo likakunjika mkononi mwake, taratibu, kama goti la mtu yeyote.